Sajini wa Gadi anataka ubunge wa jimbo: je, lazima avue magwanda kwanza?

*"Mwalimu, habari za siku nyingi. Sisi ni watu wa Kigoma, tulikuja Des Moines, Iowa, huku Marekani, kwa bahati nasibu ya grini kadi. Mwanangu wa pili ana miaka 29, amekwishapata uraia, na yuko Gadi, hawa wanajeshi wa akiba wa jimbo. Cheo chake sajini. Siku za kawaida anafanya kazi ghalani. Sasa anasema atagombea ubunge wa jimbo, yaani kuingia bunge la Iowa lenyewe. Kaka yangu, ambaye ni mstaafu wa Jeshi la Wananchi, amepiga simu kwa hasira: mwanajeshi haruhusiwi siasa, atafungwa, aache jeshi kwanza. Mwanangu anacheka tu, mimi silali. Kweli ni ipi? Akichaguliwa halafu akaitwa vitani, kiti kinakuwaje, na kazi yake je? Isitoshe, ndugu wa nyumbani wameshafungua kundi la WhatsApp la michango, na mashangazi wanataka kuchapa kanga yenye picha yake akiwa na magwanda."*

Dada yangu, nianze na kaka yako, maana ndiye aliyekunyima usingizi. Hajasema uongo. Amesema sheria ya nyumbani, na ameisema sawasawa: Ibara ya 147 ya Katiba ya Tanzania inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ikimwachia haki ya kupiga kura. Ila hata nyumbani haikuwa hivyo siku zote. Wakati wa chama kimoja, matawi ya chama yalikuwa hadi kambini, na ofisa wa jeshi aliweza kuwa mbunge na waziri. Jakaya Kikwete alikuwa mbunge na waziri huku bado ni mwanajeshi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 ndipo ilipobidi achague, akaliacha jeshi akiwa luteni kanali. Kaka yako, kama alikuwa kazini miaka ile, aliwaona wenzake wengi wakilazimika kuchagua vivyo hivyo. Ndiyo maana ana hasira. Anamwona mpwawe akikanyaga mstari ambao yeye alifundishwa kutoukaribia.

Marekani wameuchora mstari huo mahali pengine. Huku swali si "wewe ni mwanajeshi au si mwanajeshi?" Swali ni "leo uko chini ya amri, au hauko?" Ukilielewa hilo, mengine yote yatafuata.

Jeshi la kudumu ni kitu kimoja: askari wake yuko kazini siku zote 365, na haruhusiwi kugombea kiti kwa tiketi ya chama. Hapo kaka yako angekuwa sahihi hata Iowa. Gadi ni kitu kingine. Ni jeshi la jimbo lenye mabwana wawili, gavana na Rais. Mafuriko yakija, gavana huwaita kwa amri ya jimbo. Vita vikija, Rais huwaita kwa amri ya serikali kuu. Asipoitwa na yeyote, askari wa kawaida wa Gadi hutumikia wikendi moja kwa mwezi na kama wiki mbili kwa mwaka. Siku zilizobaki ni raia kama mimi na wewe. Anaweza kuwa mwanachama wa chama, kugombea, kuhutubia, kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Kanuni ya Wizara ya Ulinzi ya mwaka 2008 kuhusu wanajeshi na siasa inamruhusu wazi, mradi asivae sare na asiwafanye watu waamini kwamba jeshi liko nyuma yake.

Katiba ya Iowa yenyewe, ya mwaka 1857, ililifikiria jambo hili mapema. Inasema mtu mwenye cheo cha serikali chenye malipo hawezi kukaa bungeni, kisha inaorodhesha vyeo visivyohesabiwa hivyo: vyeo vya wanamgambo (wazazi wa Gadi ya leo) visivyo na mshahara wa mwaka, mthibitishaji wa hati, na mkuu wa posta ambaye malipo yake hayazidi dola 100 kwa mwaka. Mimi huwa nacheka nikifika kwa huyo mkuu wa posta. Lakini linganisha na mstari wa kaka yako: hapa watunga katiba waliona kwamba mkulima anayeshika bunduki siku chache kwa mwaka asinyimwe sauti yake kwa sababu hiyo.

Usimwite mwanao mshindi bado, kwa sababu kuna jambo moja ambalo hukuniandikia, na ndilo litakaloamua. Yuko Gadi kwa utaratibu gani? Umesema kazi yake ni ya ghalani. Nikikuelewa vizuri, ni ghala la kampuni binafsi, na yeye ni askari wa wikendi. Basi sawa. Lakini kama ghala hilo liko ndani ya kambi, mambo yanabadilika kabisa. Wapo askari wa Gadi walioajiriwa humo muda wote, ambao kisheria wako kazini siku zote. Hao ni sawa na jeshi la kudumu. Na wapo mafundi wanaofanya kazi kambini kama raia wiki nzima na kuvaa sare wikendi. Hawa ndio wanaonaswa mara nyingi, maana hujiona raia. Kumbe wameajiriwa na serikali kuu, na sheria ya mwaka 1939 iitwayo Hatch inamkataza mtumishi wa serikali kuu kugombea uchaguzi wa vyama. Mtu wa namna hiyo anaweza kupoteza kazi bila kufanya lolote baya zaidi ya kujaza fomu. Muulize mwanao swali hilo leo jioni, kabla ya mengine yote.

Kuhusu uraia wake wa kuandikishwa, nakujibu ingawa hukuuliza, kwa kuwa najua kuna mtu atawatisha. Masharti ya kuzaliwa Marekani ni ya Rais na Makamu wake tu. Mbunge wa jimbo la Iowa anatakiwa awe raia, awe na miaka 21, awe ameishi Iowa mwaka mmoja na katika wilaya yake ya uchaguzi siku 60. Basi. Jirani yenu Minnesota, Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia bunge la jimbo Novemba 2024, na hakuna aliyemuuliza alizaliwa hospitali gani.

Sasa wito wa vita. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: hili linatokea, na linaumiza. Mwaka 2010 Iowa ilipeleka Afghanistan karibu askari 3,000 wa Gadi yake kwa mpigo. Walimu, mapolisi, wakulima, waliondoka wote karibu mwaka mzima. Mbunge akiwamo ndani ya kikosi, hakuna cha "nina kikao". Anakwenda.

Kinachofuata kinategemea siku zilizoandikwa kwenye amri yake. Kikomo cha kukumbuka ni siku 270. Akiitwa kwa siku hizo au chache zaidi, anaweza kuendelea na kiti chake na hata kufanya kazi zake, mradi zisigongane na za jeshi. Zikizidi 270, sheria inambana: asitekeleze kazi za kiti cha jimbo muda wote wa wito huo. Na kumshikia nafasi? Majimbo hayafanani. Idaho humruhusu mbunge kuweka kaimu wa muda. Katika majimbo mengi kiti kinakaa kitupu na wapigakura wake wanakaa bila mtu.

Nikupe watu wawili waliolipitia hili, mmoja akafanya hivi na mwingine vile. Tulsi Gabbard alichaguliwa kuingia bunge la Hawaii mwaka 2002 akiwa na miaka 21. Mwaka uliofuata akajiunga na Gadi ya jimbo lake. Mwaka 2004 kikosi kikaelekea Iraq, naye akajitolea kwenda ingawa hakulazimishwa. Akaacha kampeni ya kurudi bungeni, kiti kikaenda kwa mwingine. Alirudi kwenye siasa baadaye kupitia baraza la jiji la Honolulu, kisha Bunge la Marekani kuanzia 2013.

Beau Biden, mtoto wa Joe Biden aliyekuwa Rais, alichukua njia tofauti. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Delaware, kiti cha kuchaguliwa, na wakati huohuo mwanasheria wa jeshi katika Gadi. Kikosi chake kiliitwa mwishoni mwa 2008, akaenda Iraq, akarudi Septemba 2009. Hakujiuzulu. Kazi za kila siku zilibaki mikononi mwa naibu wake, na mwaka 2010 wananchi wakamchagua tena. Lakini angalia tofauti, dada: yeye alikuwa na ofisi nzima ya mawakili nyuma yake. Mbunge wa kawaida hana naibu. Ana kiti kimoja, kitufe kimoja cha kupigia kura, na hakuna wa kumbonyezea. Kwa hiyo mwanao asijipime na Biden. Ajipime na Gabbard, na awaambie wapigakura mapema: nikiitwa, nitakwenda, na hivi ndivyo mtakavyohudumiwa. Mimi naona mgombea anayeficha hilo anawakosea waliomwamini, hata kama sheria haimgusi.

Mfano ulio karibu nanyi kuliko wote ni Joni Ernst, na ningependa mwanao ausome vizuri, awe wa chama chake au la. Alikuwa ofisa wa Gadi ya Iowa. Mwaka 2003 aliongoza kikosi cha usafirishaji kilichokwenda Kuwait na Iraq. Aliporudi hakurukia juu. Alianza na kazi ya wilayani, mkaguzi wa wilaya ya Montgomery, ile kazi ya daftari za wapigakura na hesabu ambayo haimpi mtu umaarufu. Mwaka 2011 akaingia Seneti ya jimbo, huku akiendelea kupanda vyeo Gadi hadi luteni kanali mwenye batalioni chini yake. Mwaka 2014 akagombea Seneti ya Marekani, na Julai ya mwaka huohuo, joto la kampeni likiwa limepanda, aliacha kila kitu kwa wiki mbili akaenda kwenye mazoezi ya jeshi. Alishinda, na mwaka 2015 akastaafu Gadi. Kazi ndogo, kisha kubwa, na sare haikuvaliwa jukwaani. Anaweza kuchukua hatua hizo hizo bila kuchukua siasa zake.

Kuna upande mwingine wa kofia mbili ambao sheria haiuoni vizuri. Jumamosi ya mazoezi mwanao atampigia saluti kanali wake. Jumatatu kanali huyohuyo anaweza kuja bungeni kujieleza kuhusu bajeti ya Gadi, na mwanao ndiye wa kumuuliza maswali. Na mkuu wa wote wawili ni gavana, ambaye bunge linapaswa kumchunguza. Si haramu, lakini inahitaji ulimi wenye breki. Akiwa chini ya amri, ulimi ni wa jeshi. Kwa maofisa wenye kamisheni sheria ya jeshi inafika mbali: akiwa katika utumishi wa serikali kuu, kumtukana Rais, au gavana na bunge la jimbo alilopo, ni kosa la kijeshi. Sajini hayumo kwenye kifungu hicho, lakini nidhamu inamhusu, na simu yake ina kamera. Ujumbe wa kampeni usipandishwe mtandaoni siku ya mazoezi. Hata ule alioupanga usiku wa jana ujitume wenyewe.

Halafu kazi ya ghalani. Hapa watu huchanganya sheria mbili. Sheria ya mwaka 1994 inayolinda ajira za askari wa akiba inamlazimisha mwajiri kumrudisha kazini akitoka jeshini, kwa jumla ya hadi miaka mitano kwa mwajiri mmoja. Hiyo ni kwa ajili ya jeshi tu. Haimlindi mtu aliyeomba ruhusa kwenda bungeni. Iowa ina sheria yake ya kumpa ruhusa mfanyakazi aliyechaguliwa, lakini ina masharti, kwa hiyo asome mkataba wake na mwanasheria wa ajira kabla ya kumwambia msimamizi lolote. Bunge lenyewe huanza Jumatatu ya pili ya Januari, na posho ya vikao hulipwa kwa siku 110 mwaka wa namba witiri na 100 mwaka wa namba shufwa. Mshahara ni dola 25,000 kwa mwaka. Hauwezi kulea familia peke yake, na mwajiri wa ghala hapendi mtu anayepotea kuanzia Januari hadi Aprili au Mei. Ninyi mna bahati moja: mko Des Moines, jengo la bunge liko mjini kwenu. Mwenzake wa kutoka mpakani atakuwa anatafuta chumba cha kupanga.

Kuhusu cheo chake kwenye mabango, nikuombe umkalishe chini. Kanuni inamruhusu kutaja utumishi wake, mradi aonyeshe wazi kwamba ni askari wa akiba. Kinachowaangusha watu ni kuongeza chumvi. Gavana wa Minnesota, Tim Walz, alitumikia Gadi miaka 24, jambo la heshima kwa mizani yoyote. Alipogombea umakamu wa Rais mwaka 2024, wiki nzima za kampeni ziliishia kwenye maneno mawili. La kwanza cheo: aliwahi kushika wadhifa wa sajini meja kamanda, lakini alistaafu kwa cheo cha chini yake, masta sajini, kwa kuwa hakumaliza shule inayotakiwa, tovuti ya kampeni ikabidi irekebishwe. La pili ni maneno aliyosema mwaka 2018, ya silaha alizobeba "vitani", wakati hakuwahi kupelekwa kwenye mapigano. Wasaidizi wake wakasema alipotoka kimaneno. Na wapinzani wakaufukua mwaka 2005, alipostaafu Mei ili agombee Bunge la Marekani, kisha Julai kikosi chake kikapata amri ya Iraq. Alikuwa na haki ya kustaafu. Lakini unaona jinsi tarehe mbili zikikaribiana zinavyoweza kumfuata mtu miaka 19. Mwanao aandike tu kilichoandikwa kwenye hati zake, neno kwa neno. Kama ni sajini, ni sajini. Kama hajafika vitani, asiseme "vitani".

Na asidhani sare itamchagulia watu. Bob Dole, aliyelemaa mkono katika Vita Kuu ya Pili, alishindwa na Bill Clinton ambaye hakuwahi kuvaa sare. John McCain, mfungwa wa vita kwa zaidi ya miaka mitano, alishindwa na Obama. Kwenye ubunge wa jimbo watu wanauliza shule, kodi ya nyumba, maji yenye naitreti kutoka mashambani. Utumishi wake utamfungulia mlango. Akishaingia sebuleni atatakiwa kusema jambo.

Sasa michango, na hapa, dada, naongea kwa ukali kidogo. Lifungeni hilo kundi la WhatsApp. Sheria ya Marekani inamkataza mgeni kutoa pesa katika uchaguzi wowote wa nchi hii, wa Rais, wa jimbo hata wa kijiji. Shangazi wa Ujiji akituma shilingi elfu kumi kwa mapenzi yake, amevunja sheria, na mwanao akipokea amevunja naye. Haijalishi kwamba nyumbani harusi na msiba tunachangiana. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuchanga ingawa hapigi kura. Raia anaruhusiwa yote mawili. Walio nje ya makundi hayo waombe dua. Akishakusanya au kutumia zaidi ya dola 1,000, Iowa inamtaka asajili kamati na atoe hesabu. Na asichangishe kambini kabisa, hata kwa rafiki wa kitanda cha pili.

Nani wa kumwona ana kwa ana? Kabla hajatangaza, achukue hati zake, hasa ile inayoonyesha aina ya utumishi, aende kwa mwanasheria wa jeshi wa kikosi chake. Ni bure. Aulize kwa maandishi, ajibiwe kwa maandishi, na amjulishe kamanda wake kwa heshima asije akasikia redioni. Mwanasheria huyo yupo kwa ajili ya jeshi, hatamshauri namna ya kushinda. Ya kampeni ayapeleke ofisi ya Katibu wa Jimbo, inayopokea fomu za wagombea, na bodi ya maadili ya jimbo inayosimamia pesa za kampeni. Ikitokea ameshika amri ya wito mkononi siku hiyohiyo anayotaka kujaza fomu, asijaze chochote kabla ya kuonana nao.

Kaka yako mpigie tena, umsomee ile ibara ya Iowa yenye mkuu wa posta. Wanajeshi wastaafu hupenda kuonyeshwa maandishi.

Na kanga. Picha ya magwanda haifai. Kanuni inasema mgombea wa akiba asiifanye picha yake ya sare kuwa sura kuu ya tangazo lolote, na hata ile ndogo ya pembeni iambatane na maneno yanayosema wazi kwamba Wizara ya Ulinzi haimuungi mkono. Hebu fikiria maneno hayo yamechapwa kwenye mji wa kanga, mahali pa mikorosho. Mchukulieni picha akiwa na shati jeupe, anatabasamu, na kanga zilipiwe na raia au wenye grini kadi walioko huku. Jina la kanga nawaachia mashangazi.